Kitabu cha Mwaka wa Hamsini na Nane

Jumatatu, 25 Novemba 1963. Likoni.

Siku kumi na saba zimebaki. Wenzangu hawalali kwa furaha ya uhuru, mimi silali kwa hofu. Bi Mwanamkasi, katibu wa kamati yetu ya sherehe, ametangaza kuwa viti vya mbele ni vya waliomsumbua mkoloni. Anayetaka kiti alete ushahidi.

Kila mtu mtaani ameshapata wake. Muuza mbatata amekumbuka ghafla kwamba aliwahi kumtemea mate askari. Mimi je? Miaka kumi na mmoja kazi yangu ni kuandika mabango. Lile la "Wanachama Tu", yaani Wazungu peke yao, kwenye hoteli kule Shelly Beach ni la mkono wangu. Herufi zake nzuri, wallahi. Lakini leo kinyozi kaniuliza, kwa upole uliozidi, eti bango lile niliandika kwa kulazimishwa? Watu wanaanza kukumbuka. Hata kiti sikitaki tena, nataka tu nisizomewe.

Jumatano, 27 Novemba.

Nimepata! Kitabu cha picha, cha kuchapwa kwa mkono, cha kumcheka mkoloni. Na jalada liandikwe 1958. Nitasema nilikificha darini miaka mitano. Nani atapinga?

Kuchapa najua, nimewahi kuchapa nembo za magunia. Unawamba hariri kwenye fremu ya mbao, unabandika karatasi uliyoikata umbo la picha, unamwaga rangi na kuisukuma kwa kipande cha mpira. Rangi hupita penye uwazi tu. Tatizo ni hariri. Nyumbani hariri ni moja, mtandio wa harusi wa mke wangu, Mwanatatu. Mwenyewe yuko Magongo, anamtunza dada yake aliyejifungua.

Nimeukata. Mara mbili nilidhani nimesikia viatu vyake mlangoni.

Jumamosi, 30 Novemba.

Nakala sita! Ukurasa wa kwanza, kofia ya gavana na manyoya yake, chini yake hapana kichwa. Wa pili, Afrika imewekwa siniani kama halua, wazungu wameizunguka na visu. Wa tatu, bango langu lenyewe limechomekwa katikati ya bahari na samaki wanageuka kurudi walikotoka. Huo niliutazama hadi machozi yakanilenga. Sikujua kwamba bango lile lilikuwa likiniuma.

Hitilafu moja. Mtandio una kiraka, na kiraka hakipitishi rangi. Kila ukurasa una doa jeupe mfano wa kaa mdogo wa ufukweni. Hakuna atakayeona.

Jina sikutia. Nitajitaja mwenyewe, kwa unyenyekevu, wakati ukifika. Nakala moja nimeiacha mkahawani karibu na feri, kana kwamba mtu kaisahau.

Jumatatu, 2 Desemba.

Nimekwisha.

Mkahawani karani mmoja mstaafu alikuwa akikifunua kitabu changu na kueleza, bila kuulizwa, kwamba mwaka wa hamsini na nane ilikuwa bado hali ya hatari, na kitabu kama hiki kilikuwa kifungo. Nimejitengenezea ushahidi wa kosa ambalo sikulifanya!

Na gavana bado yupo. Funguo za jela ni zake mpaka tarehe kumi na mbili. Wanaoondoka wakinifunga leo, wanaoingia watajuaje kwamba nimo ndani? Nitasahaulika humo na uhuru wenyewe nitausikia kupitia ukutani. Nakala tano nimezizika kwenye banda la kuku. Kuku nao wamekataa kuingia.

Jumatano, 4 Desemba.

Mzungu amekuja. Kaptula, soksi ndefu, mkononi kitabu changu cha mkahawani. Alisimama mbele ya banda langu la kazi na kuniuliza, kwa Kiswahili safi, kama mimi ndiye fundi wa kazi hii. Kuna sehemu ndogo moyoni mwangu ilitaka kusema ndiyo. Ulimi ukaiwahi.

"La, bwana. Mimi naandika mabango ya hoteli tu. Hicho ni cha Kitsao, pale ng'ambo ya njia."

Kitsao ni mwandika mabango mwenzangu. Alihamia kutoka Kisauni mwaka jana, akafungua banda mkabala na langu, na tangu hapo wateja wangu wanavuka njia. Mzungu naye akavuka. Nikafunga mlango, nikalala chini ya meza, nikamhurumia Kitsao. Si sana.

Ijumaa, 6 Desemba.

Kitsao hajafungwa! Kumbe Mzungu anarudi kwao, na alitaka kumpiga picha fundi pamoja na kitabu chake, basi. Wanasema Kitsao alizitazama zile herufi, akalitazama banda langu lililofungwa mchana kweupe, akatabasamu na kusimama wima mbele ya kamera. Kitabu akaachiwa yeye, naye akakipeleka moja kwa moja kwa kamati.

Bi Mwanamkasi amesema mbele za watu kwamba lile doa jeupe ni jicho la mnyonge, linashuhudia kila ukurasa. Jicho! Nimekwenda kwake kusema ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nina ushahidi gani. Nikakimbilia banda la kuku. Mvua na mchwa walinitangulia. Umebaki ushahidi mmoja, hariri yenyewe iliyoloa rangi. Nikiitoa hiyo, Mwanatatu ataiona. Jela ina siku ya kutoka. Nimeificha tena.

Alhamisi, 12 Desemba.

Uhuru! Uwanja ulijaa. Kitsao kiti cha mbele, kitabu mezani, watu kwenye foleni kukitazama.

Mwanatatu alirudi jana, akakuta sanduku halina mtandio. Nikamwambia ni panya. Leo akapanga foleni na wenzake. Nikamwona anainama. Nikamwona anapitisha kidole kwenye jicho la mnyonge, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kiraka hiki nimekishona mimi," akasema.

Kitsao, mwenye akili za haraka, akasimama na kusema ni kweli, hariri ilitoka kwa mama huyu, wema wake hausahauliki. Bi Mwanamkasi akamuuliza Mwanatatu kama ni mwaka ule wa hamsini na nane.

Mke wangu akanitafuta kwa macho, akanipata. Kiraka alikishona sikukuu ya Idi ya mwaka huu, nikiwa nimekaa ubavuni kwake. Neno moja tu na uongo wa Kitsao ungeanguka. Nikamwashiria kwa kichwa, aseme.

"Hamsini na nane," akasema. "Mtandio wangu wa harusi. Niliutoa kwa ajili ya uhuru."

Wakampigia vigelegele, wakampa kiti cha mbele. Mimi nilisimama nyuma kabisa pamoja na kinyozi, nimeshika mwavuli wa mke wangu. Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba angesema kweli, wanaume wawili wangegombana na mtandio wake usingerudi. Angalau hivi yeye amekaa kitini.

Jumamosi, 14 Desemba.

Kinyozi ananong'ona kuhusu wakubwa wapya. Wamezipenda kofia mapema mno, anasema. Mara kitabu kizima kikanijia kichwani, kurasa zote sita! Naogopa, sifichi. Lakini safari hii nimefikiri. Mwaka sirudishi nyuma. Nitaandika 1968, ili nikikamatwa niwaambie kosa bado halijafika.

Mwanatatu anakwenda Magongo Jumatatu. Sandukuni kuna mtandio mwingine, wa marehemu mamake. Nimeukagua wote dirishani. Hauna kiraka hata kimoja.