Ukurasa Asioweza Kuugusa Consolatha

Jumatatu, 12 Juni 2023
Sikai, sisimami. Tovuti ya ushirika wetu wa wafuga nyuki tumekabidhiwa wawili, mimi na Consolatha. Yeye anaweka habari kila saa. Mfumo unapandisha mpya juu, zangu zinazama! Ijumaa Mwenyekiti, Mzee Lugembe, anachagua msimamizi mmoja. Asiyechaguliwa anahamishiwa ghala la Ziba. Ziba siendi.

Jumanne, 13 Juni
Dawa yake nimeipata: ukurasa tuli! Nimeuandika pembeni, nje ya mtiririko wa habari, nikaubandika mwanzo kabisa wa tovuti. Haupandi, haushuki, na nywila ninayo peke yangu. Herufi kubwa: KESHO TUNAPOKEA ASALI TABORA MJINI. Chini yake jina langu. Mzee Lugembe kanisifu mbele ya watu. Consolatha kauliza mbona hauna tarehe. Kijicho tu.

Jumatano, 14 Juni
Ndoo arobaini! Nimezunguka uani kama bwana harusi.

Alhamisi, 15 Juni
Ndoo nyingine. Nani kawaita? Mfugaji Masolwa katoka Urambo alfajiri na ndoo sita, anasema jana kasoma kwamba ni kesho. Mizani tumesharudisha ghalani. Ndoo zimeachwa juani, mbili hazina mifuniko. Saa sita nyuki wakaja kudai chao. Consolatha kanieleza taratibu kwamba habari zake mfumo unazitia tarehe wenyewe, ukurasa wangu utasema kesho mpaka kiama. Kanishauri niufute. Nimekataa. Mtego huo!

Ijumaa, 16 Juni
Wamekuja tena, wengi kuliko jana. Nyuki nao. Mzee Lugembe katuita, jicho moja limevimba hadi limefumba.
"Adinani, mwanangu," akasema, "hiyo kesho yako inaisha lini?"
Msimamizi ni Consolatha. Ila mwenyewe, sijui kwa nini, kaniombea nafasi moja: kesho niusahihishe ukurasa, niwaombe radhi wafugaji, kisha nimpe nywila. Nikifanya vizuri, Ziba siendi.

Jumamosi, 17 Juni
Nimesahihisha asubuhi na mapema, kwa herufi kubwa zaidi: TUNAOMBA RADHI. LEO HATUPOKEI ASALI. NJOONI KESHO. Umependeza kweli. Nywila nimeibadilisha, nitampa Consolatha baada ya wiki mbili hivi, asije akauharibu.