Wameshauri Tu, Hawajaamuru

Jumatatu, 3 Machi
Nimetukanwa ndani ya nyumba yangu! Kaka wa mke wangu, tunayemwita Mjuaji, kaitazama kompyuta yetu kasema mchezo wangu mpya wa magari hautakubali humo, mashine imezeeka. Imezeeka! Miaka kumi na minne tu! Nimemwambia Jumamosi tushindane humo humo. Akishindwa, aniombe radhi mbele ya dada yake. Kasha la mchezo linasema memori "inayoshauriwa". Yetu ni robo yake. Lakini ushauri si amri.

Jumanne, 4 Machi
Mchezo umeingia asilimia tisini na tisa, ukagoma. Nafasi haitoshi. Fitina tupu! Nimefuta picha zote za harusi yetu. Bado. Nikakuta folda ya mke wangu, fundi cherehani, imeandikwa "Usiguse". Ndani namba tu: 92, 70, 98. Namba za nini? Nimefuta. Mchezo umeingia wote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine inachemka. Nimeifungua ubavu, nikaielekezea feni ya mama mkwe, mgeni wetu. Kalalamika joto. Nimemweleza kwa heshima kwamba yeye ana mikono ya kujipepea, mashine haina. Kaninunia! Mke wangu naye anatafuta vipimo vya bibi harusi na wasimamizi wake. Magauni saba yanatakiwa wiki ijayo. Nimemwambia atafute vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Gari langu lilitangulia, kisha yote mawili yakaganda. Dakika ishirini. Mama mkwe, akijipepea kwa kipande cha boksi, akauliza hiyo picha kapiga nani. Mjuaji akacheka mpaka akashika mbavu. Moshi ukatoka, kioo kikawa cheusi. Nikadai ushindi: nilikuwa mbele kwa tairi mbili! Ndipo mke wangu akauliza, kwa ule upole wake wa kutisha, folda yake iko wapi. Nikakiri. Akaketi akalia. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Mjuaji akatoa flashi mfukoni: kila akija hunakili kazi za dada yake kimyakimya, kwa sababu ananijua. Ananijua! Ujasusi sebuleni kwangu! Nami ndiye niliyeomba radhi.

Jumapili, 9 Machi
Mjuaji kamletea dada yake laptopu, nami nimekatazwa kuisogelea. Dharau! Wote wametoka. Toleo la pili la mchezo linashauri memori mara mbili ya iliyomo kwenye laptopu hii. Linashauri tu. Nafasi ndiyo tatizo. Kuna folda moja nene inaitwa "Usiguse Kabisa".
Nao huo ni ushauri.