Tembo wa Pinki Getini

"Haya, sikieni! Porini kumeonekana mtoto wa tembo, pinki!" Redio, anayekisomea kijiwe kizima gazeti la kuazima, aliliinua juu ya vikombe vya kahawa.

Brashi, mchora vibao, nusura apaliwe. Tangu jana alikuwa amejibanza hapo. Alipewa ukuta wa getini kwenye shule ya chekechea, achore tembo. Rangi nyeusi ya kuchanganyia kijivu ikamwishia njiani, naye kwa uvivu wake wa kuzaliwa akachanganya nyekundu na nyeupe, akamaliza kazi. Tembo akatoka pinki kama ufizi. Sasa mwalimu mkuu alikuwa akimsaka, na mama yule akikutangaza vibaya, hakuna ukuta utakaopewa tena mtaani.

"Hebu rudia," alisema.

"Ana ualbino. Picha hii hapa, yuko katikati ya wenzake wa kijivu."

"Si niliwaambia!" Brashi aliruka. "Mimi sikosei, natangulia tu!"

"Ulituambia lini?" Kisigino, fundi viatu, hakuinua hata macho kwenye soli. "Jana ulisema rangi imepauka na jua."

"Nilikuwa nawapima."

"Muongo mpaka kivuli chake kinamkana. Endelea, Redio."

"Jua linamuumiza macho na ngozi, kwa hiyo mama yake humsimamia ampe kivuli. Na wanasema akikua rangi hubadilika, anakolea kidogo kidogo."

"Mmesikia? Anakolea!" Brashi alilibusu gazeti. "Mtaalamu nakaa nanyi hapa, mnanidharau!"

"Hodi hapo."

Mwalimu mkuu huyo, mkoba kwapani. Kijiwe kizima kikakumbuka kunywa kahawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tembo wangu ana nini?"

"Ualbino, mwalimu. Gazeti hili hapa. Akikua atakolea mwenyewe, wala hutahangaika kuniita."

Mwalimu alisoma taratibu mpaka nukta ya mwisho.

"Huyu wa gazetini ni mtoto. Wako umempa pembe mpaka magotini. Huyo ni babu wa mtu. Mbona hajakolea?"

Wee! Kisigino alidondosha nyundo kwa kucheka. Brashi aliinamia ndala zake, aibu imemjaa, akaona kuta zote za mtaa zikimpa mgongo.

"Mng'oe pembe, awe mtoto," mwalimu alisema. "Rangi usiiguse. Nina binti mmoja mwenye ualbino, kila asubuhi analetwa akilia. Leo kamkuta tembo yule getini, kamshika mguu, kaingia mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Brashi alivuta makopo yake ya rangi.

"Namng'oa leo hii, mwalimu."

"Na umchoree mama yake wa kumpa kivuli. Wa kijivu."

Alipoondoka, Brashi alichungulia kopo la rangi nyeusi. Kavu. Akakohoa, akamgeukia Redio kwa adabu ambayo kijiwe hakijawahi kuiona.

"Kaka yangu, hebu tazama vizuri hapo. Hawajaandika lolote kuhusu mama wa pinki?"