Nilivyolinusa Gunia Chini ya Theluji

Jumatatu, 8 Desemba

Semina ya walinzi wa theluji imeanza tena hapa kituoni, Kashka-Bulak. Wiki nzima ya kufundishwa kuuogopa mlima. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huu, kama ni kufundisha ningefundisha mimi. Lakini bila semina hupati kitambaa chekundu cha mkononi, na bila kitambaa hupandi ukingo wa juu alfajiri kuiporomosha theluji kwa baruti kabla haijawaporomokea watelezaji. Unabaki mteremko wa chini, kuwafuta makamasi watoto wanaoteleza kwa vibao. Nafasi ya juu mwaka huu ni moja. Nimeshamwambia mama ni yangu. Mama ameshaliambia soko zima la mji wetu, Karakol.

Mpinzani ni Ermek tu. Ermek husoma vitabu. Maskini.

Baada ya chai tukakaa duara. Mwalimu wetu ni Burul eje, dada mkubwa wa wote, aliyelinda barabara ya mlimani tangu sijazaliwa. Akataka kila mtu atoe kosa lake la msimu uliopita, wenzake wajifunze. Hakuna kucheka, hakuna kukaripia. Nikasema moyoni, mtego huu, na panya mjanja hauonji. Tologon baike, kaka yetu na mkuu wa zamu, akanasa wa kwanza: alikatiza chini ya mteremko uliojaa theluji kwa sababu njaa ilimuuma na supu ilikuwa ng'ambo. Ermek naye aliona ufa kwenye theluji akanyamaza, asiitwe mwoga. Mpinzani nje ya mashindano.

Zamu yangu nikasema sina kosa. Burul eje akatikisa kichwa. "Hongera, Kubat. Humu ndani wewe ndiye unayenitisha." Nadhani ni sifa.

Jumanne, 9 Desemba

Tumechimba shimo kusoma matabaka ya theluji. Ermek aliyapapasa kama bibi harusi anachagua kitambaa. Burul eje akaniuliza tabaka la chini linasema nini. Nikajibu linasema baridi. Tologon baike akaniambia, mdogo wangu, siku moja litasema jina lako.

Mtihani ni kesho: gunia litafukiwa, ndani yake kidude cha kutafutana, nasi tulisake. Kila mlinzi anacho kimoja kifuani. Ukikiweka "tuma", kinapiga mlio unaosikiwa na vidude vingine tu, ili ukifukiwa upatikane. Ukikiweka "tafuta", kinanyamaza na kumsikiliza aliyefukiwa. Mtoto wa chekechea anaweza. Nimelala mapema, nina mpango.

Jumatano, 10 Desemba

Mchana wenzangu wakila ashlan-fu, tambi zetu za pilipili, mimi nilijibanza nyuma ya kibanda cha mashine. Nikamwona Burul eje akifukia gunia chini ya msonobari ulioinama, kisha akasawazisha theluji kama anayetandika kitanda. Niliporudi, Ermek alikuwa amemaliza bakuli langu. Nikamwachia. Sadaka ya kumuaga.

Tukapangwa mstari. Burul eje akatangaza: mtu amefukiwa, pumzi inakwisha, wekeni "tafuta". Wenzangu wakahangaika na vidude vyao. Mimi nikajifunga kamba za viatu, halafu nikatembea polepole kuelekea msonobari. Nilitaka ionekane kipaji.

Jambo la ajabu, wote wakanifuata. Nikienda kushoto, nao kushoto. Nikafurahi, kiongozi hujulikana. Nikachimba, gunia hili hapa. Wakati huohuo Ermek akanichoma makalioni na ule ufito mrefu wa kupapasia watu chini ya theluji, akapaza sauti kwamba amempata majeruhi.

Burul eje akafungua zipu ya koti langu. Kidude kilikuwa bado "tuma", kama tunavyotembea navyo siku zote. Sikukigusa kabisa. Vidude vya wenzangu vyote vilikuwa vinanisikia mimi, si gunia.

Akaniuliza, kwa upole unaokera, nimelipataje gunia nami nilikuwa kiziwi.

Nikasema kwa harufu.

Ermek akasema basi mbwa wa kituo astaafu, alipwe pensheni. Burul eje hakucheka. Alisema kama lile gunia lingekuwa mtu, lingekufa huku watu watano wakimchoma Kubat makalio. Nikatazama gunia. Nikalipangusa theluji, kama lina uso.

Alhamisi, 11 Desemba

Duara tena. Safari hii nimetoa kosa, sina pa kukimbilia. Nikaeleza yote, msonobari, kamba za viatu, ufito. Nikaigiza na ile sehemu ya Ermek. Hakuna aliyekaripia. Tologon baike alicheka hadi akatoka nje, kisha akarudi na kuwaambia wote wakague vidude vya wenzao kabla ya kutoka, kila siku, kuanzia kesho.

Jumamosi, 13 Desemba

Kitambaa chekundu amepewa Ermek. Mimi mteremko wa chini hadi nirudie mtihani Februari. Mama hatoki nyumbani, anasema soko lina macho.

Lakini Burul eje ameniita pembeni. Mwezi ujao walinzi wa milima wa nchi jirani wanakutana Almaty kubadilishana walichojifunza. Anataka nikasimulie kosa langu, anasema litaokoa watu. Nauli juu yao, hoteli juu yao. Ermek na kitambaa chake atabaki ukingoni akitafunwa masikio na baridi.

Nimepiga hesabu. Ufa wa Ermek haukumfikisha popote. Supu ya Tologon baike vilevile. Kosa langu moja tu, Almaty.

Masika kuna mkutano mwingine, Tashkenti. Kule watataka kosa jipya. Inabidi nianze mapema.