Majibu Arobaini Kifuani kwa Meneja

Jumatatu, tarehe 3
Balaa! Daktari mwenye kliniki yetu ya meno ametangaza mtihani Ijumaa, saa nne. Ametupa orodha ya vitenzi arobaini vya Kiingereza. Tujue kipi kinafuatwa na "on", kipi "for", kipi "to". Mapokezi tuko wawili. Atakayepata alama chache kuliko mwenzake anahamishiwa tawi la mbali, basi la saa kumi na moja alfajiri. Mwanangu, tunayemwita Meneja, ana miezi minane. Aamke asinione? Mwenzangu Miwani kanipa pole kabla hata sijafeli.

Jumanne, tarehe 4
Kusoma? Kwa macho yapi? Nimepata akili. Kila siku saa nne na nusu wifi huniletea Meneja nimnyonyeshe. Nimeandika orodha nzima kwenye bibu lake, kile kitambaa cha kukingia mate. Nani atamkagua mtoto?

Jumatano, tarehe 5
Meneja anaota jino. Mate kama bomba! "Depend on" imeyeyuka. "Wait for" kaimeza. Nimeandika upya zote arobaini. Jioni wifi akalifua, eti linanuka. Nimeandika tena.

Alhamisi, tarehe 6
Nimeota basi linaondoka, Meneja kabaki kituoni analia. Basi wino sitaki tena. Nimezishona zote kwa uzi mwekundu, vidole vimekuwa chujio. Wifi akauliza ni hirizi ya nini. Nikamwambia yasiyomhusu ayaache. Kisha nikamwomba radhi haraka, maana mletaji ni yeye.

Ijumaa, tarehe 7
Wifi kafika kwa wakati. Bibu lote uji! Juu mpaka chini, umekauka! Nikakwangua kwa kucha, nikaambulia "to" moja. Meneja anacheka. Nikambusu, nikamwambia mama hana mzaha leo, nikarudi kwenye karatasi machozi yananitoka. Sijui nilijaza nini. Mkono ulikwenda tu wenyewe.

Jumatatu, tarehe 10
Thelathini na tisa! Miwani thelathini na tano. Anafungasha, hataki hata pole yangu. Daktari akauliza nilisomaje. Nikakiri sikusoma hata dakika moja. Akacheka, akadhani natania. Ile "to" moja ilikuwa na baraka, naapa!

Mwezi ujao mtihani mwingine: vitenzi mia tatu. Nikapita dukani, nikanunua uzi mwekundu na shuka jeupe la kitanda kikubwa. Wifi anauliza Meneja atalivaaje.