Mwanangu Yuko Barafuni

Jumatatu, 11 Januari 1954

Nimeamua. Tabia ataolewa na mwanangu Dadi, na Mwanahija atapasuka.

Naanza kuandika kwa sababu mambo makubwa yanakuja. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya watu. Nani mwingine mtaa huu?

Habari yenyewe hii. Dadi aliondoka na meli akitia makaa, akashukia London, akapata kazi kwenye jumba la barafu. Wazungu wa huko hucheza mpira wa magongo juu ya barafu, na hulipwa mshahara kwa kucheza! Leo nimepata salamu zake na picha. Amesimama katikati ya barafu, fulana ya timu kifuani, gongo refu mkononi. Mpiga picha kamkata magotini, na gongo nalo halikuingia lote, lakini mimi sihitaji kuonyeshwa miguu ya mtoto niliyemzaa. Anasema yeye huingia barafuni kila mchezo, watu humpigia makofi, na mchezo wa Jumapili utatangazwa redioni.

Redioni! London! Nilikaa chini.

Mwanahija, jirani yangu, naye anamtaka Tabia kwa mwanawe Kitwana, karani wa Boma. Ana kalamu tatu mfukoni, utadhani anaandika kwa mikono mitatu. Bi Mwanamkasi, mama yake Tabia, amesema atatoa jibu Jumatatu ijayo. Basi Jumapili atamsikia Dadi kwa masikio yake, barazani kwa kaka yangu Bwanausi, mwenye redio.

Bwanausi bado sijamwambia.

Jumanne, 12 Januari

Nimemwambia. Amesema betri ni ya kusikilizia bei ya mbata, si ya michezo ya Wazungu. Nikamkumbusha nani alimbeba mgongoni alipokuwa na surua. Akasema hayo nimemkumbusha tangu mwezi wa Rajabu. Amekubali.

Kisimani nimetangaza. Kila mtu amepewa picha aishike, kwa mkono mkavu. Mwanahija akaitazama sana, kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya asali, tangu lini mtu akasimama juu ya maji. Akasema ile ni sakafu ya saruji. Wakacheka wote. Bi Mwanamkasi hakucheka, lakini alitabasamu, na hilo ndilo baya.

Tatizo ni kwamba watu hawa barafu wameiona vipande tu, kwenye makasha ya samaki. Dawa yake ni moja. Nitawaletea donge zima, nipande juu yake, nisimame. Nimezungumza na Mrisho, dereva wa basi letu la hapa Bagamoyo. Keshokutwa atalichukua kiwandani Dar es Salaam, alifunge kwa magunia na unga wa mbao.

Alhamisi, 14 Januari

Siku mbaya.

Nilialika watu saa saba mchana. Nikavaa kanga mpya. Nikatandika jamvi mahali nitakapopandia. Saa saba, hakuna basi. Saa nane, hakuna. Mwanahija alikuja na mkeka wake na vitumbua, kama mtu anayekwenda ngomani.

Saa kumi basi likafika. Gurudumu lilipasuka njiani, Kerege, jua la utosi. Mrisho akateremsha gunia, linachuruzika. Nikafungua. Unga wa mbao. Nikachimba. Unga wa mbao. Chini kabisa, kitu kama yai la bata.

Nikamuuliza Mrisho limekwenda wapi donge langu. Akasema, mama, nusu limeyeyuka, nusu nyingine abiria walikuwa na kiu. Bila haya!

Nikasema nitasimama hivyo hivyo. Nikaliweka kwenye sinia, nikaweka kisigino. Nikateleza. Sinia likaruka, yai likaingia kwenye vitumbua vya Mwanahija.

Nilipokuwa chini niliwaambia, mmeona? Linateleza! Hivyo ndivyo anavyocheza mwanangu! Sidhani kama walinisikia kwa kicheko.

Jumamosi, 16 Januari

Kiuno bado. Lakini nimepata ahadi: Bi Mwanamkasi atakuja kesho, na Tabia mwenyewe atakuja naye. Mwanahija amesema naye atakuja, na Kitwana pia, ili atufasirie Kiingereza. Mwema ghafla! Nimemjibu kwamba hatuhitaji mfasiri, mimi nitawaeleza. Dadi ni damu yangu, nitajua tu.

Jumapili, 17 Januari

Sijui nianzie wapi.

Saa kumi alasiri baraza imejaa. Waya wa redio tuliufunga kwenye mpera. Bwanausi akazungusha, ikakoroma, ikalia kama mbuzi, kisha Mzungu akaanza kusema. Nikaanza nami. Mzungu akipandisha sauti, nasema Dadi ana mpira. Akishusha, nasema anapumzika. Akikohoa, bao! Watu wakapiga vigelegele. Nilimfungia mwanangu mabao saba. Bi Mwanamkasi alikuwa ameshika shavu.

Kitwana akainua kidole. Akaniamkia kwanza, shikamoo mama, nikamwitikia marahaba, tabia njema anayo, siwezi kumnyima. Kisha akasema samahani, mchezo haujaanza. Hiyo ilikuwa habari ya bei ya kondoo.

 Mwanahija alijipepea kwa ncha ya ukaya.

Mchezo ukaanza kweli. Kelele za watu, kama bahari imeingia ndani ya sanduku! Kitwana akafasiri. Fulani kampa fulani, fulani kapigwa kikumbo. Majina yote ya Kizungu. Mwanahija kila mara: shoga, Dadi bado hajafika? Labda amekwenda kula?  Nilimtazama Bi Mwanamkasi, naye alikuwa anatazama mpera.

Kisha Kitwana akasema wachezaji wametoka kupumzika. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutafuta kiatu.

Kitwana akaendelea, polepole. Akasema sasa wanaingia watu wa mafagio, kuisafisha barafu. Akasema mtangazaji anawataja. Akainamia redio. Nikamwambia sema, baba! Akasema: "Anasema yupo mmoja mrefu, anatoka pwani ya Afrika, watu wanampenda sana. Wamempa jina. Wanamwita Bagamoyo."

Tukasikia wenyewe. Hakuna aliyehitaji mfasiri. Jumba zima la Wazungu linaita, Ba-ga-mo-yo! Ba-ga-mo-yo! Bwanausi akasimama, mtu mzima, akavua kofia.

Kitwana akasema anafagia. Anafagia kwa mbio. Ameteleza! Amekaa kitako! Redio ikapasuka kwa kicheko. Ameinuka. Ameinamia watu kwa heshima. Ameuokota ufagio, anaendelea. Makofi, makofi! Kitwana mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka kwa kucheka, kalamu zote zimemwanguka.

Hapo betri ikafa. Nani alishinda, hatujui. Hakuna aliyeuliza.

Mwanahija ndiye aliyepata sauti kwanza. Akasema, kumbe mfagizi! Lile gongo la pichani, kumbe mpini wa ufagio!

Nikaitoa picha, nikaitazama upya. 

Bi Mwanamkasi akamgeukia Mwanahija, akamuuliza kwa upole, na Kitwana je, hufagia? Mwanahija akashika kifua. "Mwanangu? Ufagio? Astaghfirullah! Hata sahani aliyolia haondoi, namwondolea mimi!" Alisema kwa fahari, kichwa juu.

Wanawake wote barazani wakatazamana. Tabia akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Jumatatu, 18 Januari

Jibu limekuja. Bi Mwanamkasi amesema amezeeka hajaona mwanamume wa mji huu akishika ufagio kwa hiari, sembuse mbele ya watu, sembuse akianguka akamaliza kazi. Posa imekubaliwa! Sharti ni moja. Dadi akirudi, wiki ya kwanza afagie uwanja wa mama mkwe, mchana, watu wakiona.

Nikasema hilo dogo. Nikamwambia pia anapika. Na anafua. Na pilau lake lina sifa mpaka Pangani. Dadi hajui kuchemsha maji, lakini atajifunza, London haikosi majiko.

Kisimani nimewaeleza kwamba yeye ndiye mkubwa wa barafu yote ya Uingereza, wachezaji hawaingii mpaka atoe ruhusa. Mwanahija alitaka kusema kitu. Nikamkatiza: bao!

Na nimesikia London wana redio yenye picha. Nimemuuliza Bwanausi kama ataagiza. Ameingia ndani, amefunga mlango.

Harusi lazima iwe na barafu. Bibi harusi atasimama juu yake, watu waone. Nimekwisha mwambia Mrisho. Safari hii madonge mawili. Moja likiyeyuka Kerege, litabaki jingine.