Ninga wa Pemba Aliyezaliwa Mbalizi

Bushiri aliwaona njiwa wakidonoa punje chini ya meza za sokoni Mbalizi, akaona pilau. Mtu mwingine angeona njiwa tu na kupita zake, lakini mtu huyo mwingine hakuwa ametaja mashamba asiyo nayo mbele ya mkwe.

Ndivyo ilivyokuwa. Alipokwenda Ipogolo kumposa Ruwaida, alimwambia baba wa binti, Mzee Jaha, kwamba analima mpunga bonde la Usangu, mashamba hayaonekani mwisho. Mzee Jaha, ambaye uchoyo wake ulivaa kanzu safi, alifurahi sana. Akasema basi mchele wa pilau utoke huko huko, gunia kumi, zifike kabla ya Ijumaa ya harusi. Zisipofika, hakuna ndoa. Bushiri akajibu, "Mzee, hilo dogo." Hakuwa na hata jaruba la kunawia miguu.

Sasa, siku chache nyuma alikuwa ameona kwenye simu picha ya ninga wa Pemba, ndege wa kijani asiyepatikana popote duniani isipokuwa kisiwani kule, naye amebaki wa kutafutwa. Ukimtazama vizuri ni njiwa tu aliyejaliwa rangi. Na rangi inauzwa.

Alinunua njiwa mmoja mnene, kisha akamwendea mama mmoja anayeuza rangi ya kuchemshia ukindu wa mikeka.

"Mama, haitoki hii?"

"Mwanangu, ikitoka nirudie mimi hapa hapa."

Huyo ndiye mfanyabiashara pekee mwaminifu katika habari hii, na mtaona uaminifu wake ulivyoleta balaa.

Safari ikawa ya Rujewa, kwa Idrisa, mgane mwenye mashamba ya mpunga, mashine ya kuukoboa na tumbo linaloitangulia mashine hiyo. Bushiri alikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akamlipa dereva kabisa, kwenda Rujewa na kushusha mzigo Ipogolo, maana alijiamini. Njiani alijizoeza kusema kipemba. Pemba hajawahi kuiona ila kwenye ramani ya darasani.

"Assalam aleikum, Alhaji!"

Idrisa hajafika Makka hata kwa ndoto, lakini hakumsahihisha. "Waaleikum salaam. Karibu, mdogo wangu. Nini hicho kwenye tundu?"

Bushiri aliangaza huku na huku kama mtu mwenye siri, akafunua kitambaa. "Yakhe, huyu ninga. Kisiwa kizima wamebaki wa kuhesabu. Wazungu wanaotunza ndege, ukiwapelekea mmoja akiwa hai, wanakupa gari."

"Gari gani?"

"Kubwa."

"Sasa kwa nini gari hilo usichukue mwenyewe?"

"Sie Wapemba wazee wametukataza, hatumuuzi kwa mgeni. Lakini kubadilishana na Muislamu mwenzetu kwa chakula, hiyo haina neno."

Fatuwa hiyo ilitungwa papo hapo, na Idrisa aliipokea kwa heshima yote. "Anakula nini?"

"Matunda tu, Alhaji. Ukimpa nafaka anakufa palepale."

Tundu likawekwa chini, chai ikaletwa. Njiwa hakuwa amekula tangu Mbalizi, na sakafu ya mashine ya mpunga siku zote ina mchele. Akatoa shingo kati ya fito akaanza kudonoa kama kibarua aliyetoka zamu. Bushiri alikuwa anasimulia bahari, hakuona. Idrisa aliona. Akamwongezea mgeni chai. Mtu anayechanganya chenga kwenye mchele wa daraja la kwanza na kuuita super, miaka nenda rudi, humtambua wa kazi moja naye.

"Na gunia kumi zote hizo unazotaka ni za nini, mdogo wangu?"

Hapo mwenye akili angesema ni za biashara, akanyamaza. Bushiri mdomo ndio uliomlisha maisha yake yote, akaufungulia. Alitaja harusi, akataja Ijumaa, akamtaja Mzee Jaha wa Ipogolo na sharti lake, akacheka jinsi alivyomdanganya kuhusu mashamba. Halafu akatoa simu kuonyesha picha ya Ruwaida.

"Mashallah," alisema Idrisa. Picha ile aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama ndege.

Akakubali bila kubishana hata neno moja. Magunia yakapakiwa. Idrisa akaomba ruhusa akaswali kidogo, akaenda nyuma ya ghala kwa Gerson, mlinzi wa mashine, mtu mwenye koti la kijani, kofia ya kijani na kipaji cha kukunja uso. Waliporudi, Gerson alikuwa ameshakuwa afisa wanyamapori.

"Nani kaleta nyara ya serikali hapa?" alinguruma.

"Huyu hapa, afande," alisema Idrisa kwa huzuni kubwa. "Nimekuita mwenyewe. Mimi sitaki kesi."

"Ndege adimu kama huyu, bila kibali! Wewe utazeekea ndani."

Kipemba chote kikamtoka Bushiri. "Afande, sikiliza bwana, mimi mtu wa Mbalizi! Huyu njiwa tu, nimempaka rangi!"

"Njiwa wa kijani uliona wapi?"

"Leteni maji na sabuni, mtaona wenyewe!"

Maji yakaja, na sabuni ya kipande. Bushiri alimsugua njiwa kifua, mgongo, mabawa, huku akimsihi afifie. Vibarua waliacha kazi wakaja kutazama mtu mzima anayelia juu ya beseni. Kadiri alivyosugua ndivyo kijani kilivyozidi kung'aa. Mama wa Mbalizi hakuwa amesema uongo.

"Mshitakiwa amekaidi," alisema Gerson.

Idrisa akamvuta Bushiri pembeni. "Mdogo wangu, acha mchele, acha ndege, mimi nitaongea naye. Pita pale kwenye majaruba. Usiangalie nyuma."

Bushiri alimshika mkono akamshukuru, kwa machozi, akamwita kaka. Kisha akakimbia, tope hadi magotini, mpaka Igawa.

Siku zilizobaki alizimaliza Mbeya mjini akitafuta mtu wa kumdanganya. Ijumaa ikamkuta Ipogolo mikono mitupu na uongo mpya kuhusu mafuriko. Kwa Mzee Jaha kulishatandikwa mikeka uani, na masufuria yanatoa mvuke. Idrisa alikuwa amekaa karibu na shekhe, kanzu imenyooshwa. Alikuja na mchele ule ule kwenye kirikuu kile kile, kwa kuwa nauli ilishalipwa.

Ruwaida alitoka mlangoni, hina mikononi.

"Ruwaida, huyo bwana harusi tapeli!"

"Najua. Alipokuja tulikaa naye na baba, akanieleza yote, mpaka njiwa na beseni. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikasema mwenyewe nimemkubali."

"Basi inakuwaje?"

"Watapeli mlikuwa wawili, Bushiri. Yeye mashamba anayo."

Akarudi ndani. Bushiri aliumia, tena aliumia kweli, kwa mara ya kwanza bila kuigiza. Mzee Jaha, ambaye hakutaka fujo mbele ya wageni, akamwonyesha nafasi mkekani. Bushiri akanawa, akala, na sahani ilipopita tena hakuikataa.